Bendi Ndogo na Mlango wa Kamusi Elezo

Miongoni mwetu tunaohariri Wikipedia ya Kiswahili umezuka tena mjadala ambao nimeushuhudia kwa sura mbalimbali tangu nianze kazi hii: je, bendi ya roki isiyojulikana sana inastahili kidahizo chake? Safari hii ni bendi ya vijana wachache wenye magitaa ya umeme. Nyimbo zao ziko mtandaoni, wamepiga katika kumbi kadhaa, na mashabiki wao ni wa kweli. Mhariri mmoja amependekeza makala yao ifutwe kwa kuwa haina vyanzo. Mwingine amejibu kwa uchungu: tukiwafuta vijana wetu wenyewe, nani atawaandika? Mjadala huu umenirudisha kwenye miaka ya kusikiliza muziki nikiwa Mpanda, na kwenye miaka ya baadaye ya kuandika juu ya muziki huo, na nikiipitia miaka hiyo naona kila kipindi kikinisukuma kwenye jibu lilelile. Bendi haipati kidahizo kwa kuwa ni maarufu, wala hainyimwi kwa kuwa ni ndogo. Inakistahili pale ambapo watu wasio na faida nayo wameacha ushahidi ambao msomaji mwingine anaweza kuukagua. Kwa mkoa kama Katavi, ilipo Mpanda, sharti hilo lisilegezwe. Tunachopaswa kufanya ni kuutafuta ushahidi kila mahali ulipo, na kuuandika pale ambapo haujawahi kuandikwa.

Nianze na miaka ya redio. Mpanda ya wakati ule ilikuwa wilaya ya mkoa wa Rukwa, kwani mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012. Mji ulikuwa mwisho wa reli, tawi la kilomita 210 kutoka Kaliua lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, nalo likabaki hata baada ya mgodi kufungwa mwaka 1960. Magazeti yalikuja na treni, yakiwa yamepitwa na siku zake. Radio Tanzania Dar es Salaam ilifika papo hapo. Ndiyo maana bendi tulizijua kwa sauti kabla hatujasoma neno lolote juu yake: Tabora Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Cuban Marimba, Atomic Jazz ya Tanga. Utaratibu wa wakati ule unaeleza mengi. Bendi ilisafiri hadi studio ya redio, ikarekodi nyimbo zake, na mkanda ukabaki kwenye maktaba ya redio. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, na waliotaka sahani mara nyingi walitegemea Nairobi. Matokeo yake, bendi iliweza kusikika nchi nzima, kutoka Pwani hadi ufukwe wa Ziwa Tanganyika, bila kuwa na santuri hata moja dukani. Nayo bendi ya mji wa mbali iliyoshindwa nauli ya wanamuziki na vyombo vyao haikuingia hata kwenye mkanda. Somo la kwanza la miaka hiyo ni kwamba kusikika ni jambo moja na kuandikwa ni jambo jingine. Anayepima thamani ya bendi ya Tanzania kwa wingi wa santuri zake anapima umbali wa nchi hii na viwanda, na muziki wenyewe haumo katika kipimo chake.

Roki ilikuwa na shida ya ziada. Ni muziki unaoishi kwa umeme: gitaa, besi, vikuza sauti, kinanda. Mji ambao kwa miaka mingi ulitegemea mashine za dizeli haungeweza kulea bendi za roki kama Dar es Salaam au Nairobi zilivyoweza, na muziki uliostawi huku ulikuwa ule uliopigika hata umeme ukikatika. Hata Dar es Salaam kwenyewe njia haikuwa nyeupe. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku jijini humo, katika kipindi ambacho utamaduni wa taifa ulikuwa ukijengwa kwa amri pamoja na kwa mapenzi. Pamoja na hayo, miaka ya 1970 jiji hilo lilikuwa na Sunburst, bendi iliyochanganya roki, soul na midundo ya Kiafrika, yenye wanamuziki wa mataifa zaidi ya moja. Lilikuwa pia na Afro 70 ya Patrick Balisidya, ambayo iliiwakilisha Tanzania kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977, kisha ikashirikiana na bendi ya Sweden iitwayo Archimedes Badkar katika albamu Bado Kidogo iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970. Wapo wanaosema roki si yetu, kwa hiyo bendi zake zisihangaikiwe. Hoja hiyo haina miguu. Gitaa lenyewe lilikuja na meli, na muziki wa dansi tunaouita wetu ulizaliwa kwa kulipokea gitaa hilo pamoja na rumba ya Kuba na ya Kongo. Kamusi elezo haigawi vyeti vya uasilia. Kazi yake ni kueleza kilichokuwapo, na roki ya Kiswahili ilikuwapo.

Sunburst ndiyo mfano ninaouona kuwa bora zaidi kwa swali letu, kwa sababu ni bendi ndogo kwa kila kipimo cha biashara. Ilitoa albamu moja tu ndefu, Ave Africa, iliyorekodiwa Zambia na kutoka mwaka 1976, pamoja na santuri ndogo za kabla ya hapo. Haikutikisa soko la dunia, na baada ya miaka hiyo wanamuziki wake walitawanyika. Kwa miongo mingi jina lake lilibaki kwa wachache waliolikumbuka na kwa wakusanyaji wa santuri. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ikazikusanya rekodi zake za kati ya 1973 na 1976 na kuzitoa upya, na waandishi wa muziki wa nchi mbalimbali wakaanza kuijadili. Sasa tuulize: je, bendi hiyo ilikuwa haistahili kidahizo mwaka 2015, ikastahili mwaka 2016? Wanaochukizwa na vigezo vya vyanzo hupenda kuuliza hivyo, na ni swali zuri. Jibu langu ni kwamba thamani ya bendi haikubadilika. Kilichobadilika ni uwezo wa mtu asiyewajua wanamuziki wale kuthibitisha walipiga nini, lini na wapi. Kabla ya hapo, makala ingeandikwa kwa kumbukumbu ya mtu mmoja, na mwenye kumbukumbu tofauti angeifuta aya na kuandika yake, wala pasingekuwa na mwamuzi kati yao. Baada ya hapo, pana rekodi, pana miaka, pana majina, na pana wahakiki ambao hawakulipwa na bendi.

Hata hapo kuna tahadhari. Maelezo yanayoambatana na toleo jipya yameandikwa kwa niaba ya anayeuza toleo hilo, na muuzaji ana kila sababu ya kuiita bendi yake hazina iliyosahaulika. Maelezo hayo yanafaa kwa majina ya wapigaji na tarehe za kurekodi. Hayafai kuthibitisha umuhimu. Umuhimu lazima utoke kwa mwingine: mhakiki wa gazeti, mtafiti wa chuo, mtangazaji aliyeandaa kipindi. Kwa muziki wa Tanzania watafiti hao wapo. Kelly Askew alichapisha Performing the Nation mwaka 2002, na Alex Perullo alichapisha Live from Dar es Salaam mwaka 2011. Vitabu vyote viwili vimeingia ndani ya kumbi, studio na ofisi za utamaduni kwa undani ambao magazeti hayakuufikia. Kinachoniuma ni kwamba mtu wa Mpanda anayetaka kuandika juu ya bendi ya kwao analazimika kwanza kusoma Kiingereza cha vitabu vinavyouzwa kwa bei ya mbali. Huo ni upungufu halisi. Tiba yake ni vitabu na makala zaidi za Kiswahili, na kufuta sharti la ushahidi hakutaleta hata kimoja.

Kipindi cha pili ni miaka ya mwanzo ya kamusi elezo yenyewe. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na kwa muda mrefu shida yetu ilikuwa uhaba wa makala, siyo wingi wake. Tulikaribisha kila mbegu, kama tunavyoziita makala fupi, hata ile ya sentensi mbili. Katika hali hiyo vigezo tulivyokuwa tukivirejelea vilitoka kwa wenzetu wa Kiingereza, ambao kwa wanamuziki wana orodha ndefu. Bendi yafaa ikiwa imeandikwa kwa kina na vyombo huru zaidi ya kimoja; au imeingia kwenye chati ya mauzo ya taifa; au imepata santuri ya dhahabu; au imetoa albamu mbili au zaidi kwa kampuni kubwa; au imeshinda tuzo kubwa; au ni mwakilishi mkuu wa mtindo fulani ama wa muziki wa mji fulani; au nyimbo zake zimepigwa mfululizo na redio ya taifa. Ukiisoma orodha hiyo ukiwa Mpanda, nusu yake ni maelezo ya nchi nyingine. Chati rasmi ya mauzo, santuri ya dhahabu na kampuni kubwa za kurekodi ni mambo ambayo bendi zetu za miaka ya 1970 hazikuwa nayo hata kwa ndoto. Kuyatumia masharti hayo kama sheria ya nchi ni kuihukumu bendi ya Tanzania kwa kutokuzaliwa Uingereza.

Lakini wengi wanaoilaumu orodha hiyo hawaisomi hadi mwisho. Masharti mawili ya mwisho niliyoyataja yanatufaa kabisa. Bendi iliyopigwa na redio ya taifa kwa mfululizo, au bendi iliyokuwa sauti kuu ya mji wake, ina mlango wa kuingilia. Bendi za Tabora na Morogoro zingeupita mlango huo bila kuinama. Tunachokosa ni karatasi zinazoonyesha hivyo. Mikanda ya Radio Tanzania, ambayo sasa iko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), ni miongoni mwa hazina kubwa za muziki Afrika Mashariki, na kumbukumbu za studio zenye tarehe, majina ya bendi na nyimbo zilizorekodiwa zingeweza kumaliza mabishano yetu mengi. Laiti zingechapishwa zote kama orodha ya wazi, hata bila sauti, wahariri wa Kiswahili wangekuwa na chanzo ambacho hakuna lugha nyingine iliyo nacho. Ndiyo maana nasema tatizo letu si ukali wa vigezo. Ushahidi mwingi upo, ila umefungiwa.

Mwaka 2010 ulikuja mtihani uliotufundisha upande wa pili wa jambo hili. Kundi la Nairobi liitwalo Just a Band lilitoa video ya wimbo Ha-He, yenye shujaa wa kubuni aitwaye Makmende, jina ambalo watoto wa Kenya walikuwa wakilitumia kwa miaka mingi. Kwa siku chache Wakenya walijaza mtandao kwa utani na picha za Makmende. Makala yake kwenye Wikipedia ya Kiingereza ilifutwa zaidi ya mara moja na wahariri walioiona kuwa upuuzi, mpaka vyombo vikubwa vya Marekani vikaandika habari hiyo, ndipo makala ikabaki. Wengi wetu tulikasirika, na hasira ile ilikuwa na haki. Kitu kilichojulikana na watu wengi Kenya kilihesabiwa kuwa hakipo hadi mtu wa New York alipokitaja. Hata hivyo lazima tutenganishe mambo mawili. Sharti la kutaka ushahidi lilikuwa sahihi, maana siku ya kwanza hakuna aliyeweza kujua kama utani ule utadumu wiki moja au mwaka. Kosa lilikuwa la kuangalia upande mmoja tu. Magazeti ya Kenya ni vyombo huru, yana wahariri na yana anwani. Mhariri asiyejua kuyasoma hana haki ya kusema kwamba hakuna chanzo. Anaweza tu kusema kwamba yeye hajakiona.

Tofauti hiyo kati ya "hakuna" na "sijaona" haihusu Afrika peke yake. Mei 2018 rasimu ya makala ya Wikipedia ya Kiingereza juu ya mwanafizikia wa Kanada, Donna Strickland, ilikataliwa kwa maelezo kwamba vyanzo havionyeshi umuhimu wake. Oktoba mwaka huohuo alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuwa rais wa chama cha kimataifa cha wanasayansi wa mwanga. Ushahidi ulikuwapo, aliyetakiwa kuutafuta ndiye hakuutafuta. Kwa hiyo kanuni ninayoitetea ina pande mbili. Mwandishi wa makala ana wajibu wa kuonyesha ushahidi, na anayependekeza kufuta ana wajibu wa kutafuta kwanza, katika lugha ya mahali husika na katika vyombo vya mahali husika. Kwenye Kiswahili upande huu wa pili ni wajibu wetu kuliko wa mtu mwingine yeyote. Mhariri wa Kiingereza akikosa kulijua gazeti la Dar es Salaam, anaweza kusamehewa. Sisi hatuna udhuru.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia mara nyingi ni hili: kamusi elezo ya kompyuta haina kikomo cha kurasa, kwa hiyo bendi moja ndogo inamdhuru nani? Ni kweli kurasa hazina kikomo. Watunzaji wana kikomo. Sisi tunaofanya kazi hii kwa Kiswahili ni wachache, na kila makala inahitaji jicho: mtu wa kuzuia matusi, kusahihisha tarehe, kuondoa uzushi juu ya watu walio hai. Bendi ni watu. Wanagombana, wanafukuzana, wanadaiana. Makala isiyo na vyanzo inakuwa uwanja wa ugomvi huo, ambapo mpiga solo aliyeondoka anafuta jina la mwimbaji aliyebaki, na hakuna mkabidhi, yaani msimamizi wa kamusi elezo, anayeweza kuamua kwa haki. Madhara mengine ni makubwa zaidi. Msomaji wa Mishamo au Karema anayefungua makala kwa simu yake anaamini kwamba kilichoandikwa kimekaguliwa. Tukimpa matangazo ya bendi kwa sura ya elimu, tumemdanganya. Na siku hizi mitambo ya lugha inajifunza Kiswahili kwa kusoma maandishi yetu, hivyo uzushi mmoja unaweza kurudiwa mahali pengi kwa sauti ya uhakika.

Pingamizi la pili ni zito, na ninaliheshimu. Linasema hivi: sisi ni watu wa masimulizi, na kudai maandishi ni kuendeleza dharau ya ukoloni kwa elimu ya wazee wetu. Katavi ina mfano unaolipa nguvu pingamizi hilo. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, aliishi Adrien Atiman, mganga aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa udaktari Malta, akawahudumia wagonjwa wa Karema tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi kufa kwake mwaka 1956. Habari zake tunazipata kwa urahisi kwa sababu wamisionari waliweka shajara na kuandika barua. Waganga wa Kibende, wa Kipimbwe na wa Kikonongo wa zama zake, ambao nao waliponya watu, hawana kurasa kama hizo. Atiman anastahili kila neno aliloandikiwa. Lakini mfano wake unaonyesha wazi kwamba maandishi yanafuata kalamu, na kalamu haikugawiwa sawa.

Nakubali yote hayo, na bado siamini kwamba kamusi elezo ndiyo mahali pa kuandika simulizi kwa mara ya kwanza. Mwaka 2011 mtafiti Achal Prabhala na wenzake walifanya mradi India na Afrika Kusini wa kurekodi watu wakieleza elimu yao kwa sauti, ili rekodi hizo zitumike kama vyanzo vya Wikipedia. Mradi ule ulikuwa na wazo zuri: simulizi likishawekwa mahali pa wazi, likiwa na jina la msimulizi, tarehe na mahali, wengine wanaweza kulisikiliza na kulipinga. Hapo ndipo neno la mzee linapogeuka kuwa ushahidi wa umma. Jinsi ya kulipima tunaijua tangu zamani. Baraza la wazee linapoamua mpaka wa shamba halimsikilizi mdai peke yake. Huita majirani, humhoji kila mmoja kwa nafasi yake, na humpa uzito zaidi yule asiyepata kitu kwa upande wowote. Kudai shahidi huru, kwa hiyo, hakukuletwa na mzungu. Tunachodai ni kwamba ushahidi huo usibaki kichwani mwa mhariri anayesema "mimi nilikuwapo", kwa sababu msomaji hana njia ya kumhoji.

Historia ya muziki wetu inao mfano bora wa jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, alitoka katika umaskini wa kijiji cha Unguja hadi kurekodi santuri Bombay mwaka 1928. Santuri zake zingetosha kuthibitisha kwamba aliimba. Lakini tunajua maisha yake, malezi yake na maana yake kwa watu wa zama zake kwa sababu Shaaban Robert aliketi akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Mshairi mkubwa wa lugha hii hakuona kuwa ni kujishusha kuandika maisha ya mwimbaji ambaye baadhi ya wakubwa wa Unguja walimbeza. Hakusubiri mtafiti wa ng'ambo. Wapigaji na waimbaji wengine wengi wa enzi ile hawakupata mwandishi kama huyo, na leo tunahangaika na majina yao. Siti yumo katika kamusi elezo bila ubishi wa mtu yeyote, na sababu kubwa ni kwamba Mswahili mmoja aliandika kitabu kwa Kiswahili.

Bendi za leo zinaleta ugumu wa aina nyingine. Zamani ushahidi ulikuwa haba. Sasa umefurika, ila mwingi wake umetengenezwa na wahusika wenyewe. Bendi inaweza kujirekodi, kujisambaza, kujiandikia wasifu na kuhesabu wasikilizaji wake kwa maelfu ndani ya wiki. Hesabu za mtandao hununuliwa. Habari za burudani nazo, kila aliyefanya kazi karibu na vyombo vya habari anaijua bahasha, na anajua kwamba habari iliyolipiwa huandikwa kwa maneno ya mlipaji. Kwa hiyo kupatikana kwa jina la bendi katika tovuti kumi hakutoshi. Inatakiwa kuangalia kama mwandishi amesikiliza nyimbo, amezilinganisha na nyingine, ametaja hata upungufu. Aya tatu za namna hiyo kutoka kwa mhakiki mmoja makini zina uzito kuliko taarifa kumi zinazofanana neno kwa neno. Kwa vijana wa roki hili ni jambo la matumaini, kwa sababu haliwataki wawe matajiri. Linamtaka mtu mmoja au wawili, walio nje ya kundi lao, wawachukulie kwa uzito.

Tena, si lazima uamuzi uwe kati ya makala kamili na kufutwa. Bendi yenye chanzo kimoja tu kizuri inaweza kupewa aya katika makala ya mji wake au ya muziki wa mkoa wake, na jina lake likaelekezwa hapo. Mpanda ina mengi ya kuandikwa kwa njia hiyo. Mkoa wa Katavi ulihesabiwa kuwa na watu 564,604 mwaka 2012, na 1,152,958 mwaka 2022. Mkoa huo umewaleta pamoja Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Watongwe, Wafipa, Wasukuma na watu wenye asili ya Burundi wa Katumba na Mishamo, kila mmoja na ngoma zake, kwaya zake na magitaa yake. Makala moja yenye vyanzo juu ya muziki wa Katavi ingemfaa msomaji kuliko mbegu ishirini za bendi zisizo na uthibitisho, na kila bendi ambayo ushahidi wake unaongezeka ingeweza baadaye kutengewa makala yake.

Makala hiyo haitajiandika. Redio ya jamii ya Mpanda inaweza kuandaa vipindi na wapigaji wa zamani na kuvihifadhi kwa tarehe, badala ya kuviacha vipotee hewani. Maafisa utamaduni wa halmashauri wanaweza kuchapisha orodha za vikundi vilivyosajiliwa tangu miaka ya nyuma. Walimu wanaweza kuwatuma wanafunzi kuwahoji wazee juu ya kumbi na madansi, kwa maswali yaleyale, ili majibu yalinganishwe. Wenye matangazo ya dansi, picha na kaseti za zamani wanaweza kuruhusu vipigwe picha. Mwandishi wa habari wa mkoa anaweza kuandika uhakiki wa kweli wa onyesho la bendi ndogo, kama anavyoandika habari ya mchezo wa mpira. Kila kimoja kati ya hivyo ni chanzo, na hakuna hata kimoja kinachohitaji idhini ya mtu wa London.

Nikirudi kwenye bendi iliyozua mjadala, uamuzi wangu ni kwamba makala yake isibaki kama ilivyo. Yaliyomo yote yametoka kwa bendi yenyewe, na baada ya kutafuta kwa bidii katika vyombo vya hapa nyumbani hakijapatikana chanzo huru. Jina lake litajwe katika makala ya jumla pale patakapopatikana chanzo kimoja cha kuaminika, na mlango ubaki wazi. Yule mwenzetu aliyeuliza nani atawaandika vijana hawa ameuliza swali linalopaswa kutusumbua sote, na jibu lake ni kwamba tuwaandike sisi: magazetini, redioni, katika tasnifu na vitabu, tukiwasikiliza kwa makini na kuwapima kwa haki. Tukifanya hivyo, makala yao itaandikwa mara ya pili ikiwa na tarehe, majina na mashahidi, na atakayependekeza kuifuta hatakuwa na hoja.